Mzee Nusupicha Anastaafu, Wagonjwa Kumi na Mmoja Hawajui Mwisho

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa chumba cha plasta wa hospitali yetu atavua koti jeupe na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja za utumishi. Hesabu hiyo ni ya ofisi ya utumishi. Yeye mwenyewe anasema ametumikia picha za sinema elfu tatu na ushei, nusunusu zote.

Kwa wageni na waajiriwa wapya, maelezo mafupi. Chumba cha plasta ni kile cha mwisho kwenye korido ya chini, ukishapita eksirei, chenye mlango wa kijani na mabeseni mawili. Ukivunjika mkono au mguu unaletwa hapo, mfupa unavutwa mpaka urudi mahali pake, unafungwa plasta, na unaambiwa urudi baada ya wiki sita. Kuvutwa kunauma. Hata ukidungwa ganzi, ukiona mkono wako umeshikwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, unaanza kuwakumbuka ndugu zako wote mpaka wale mliogombana. Mzee wetu aligundua, mwaka wake wa tatu kazini, kwamba mtu anayesimuliwa picha ya sinema husahau kupiga kelele.

Basi akawa anasimulia. Anakaa kwenye kigoda chake, anaushika mkono wako taratibu kama anayekusalimia, anaanza: kulikuwa na ndugu wawili, baba yao kauawa, mama yao anashonea watu nguo apate kuwasomesha. Wewe umeshatoa macho. Stelingi, yaani shujaa wa picha, ananing'inia juu ya mto wenye mamba, adui anakata kamba, dada wa stelingi kafungwa kwenye nguzo, na hapohapo, kruk, mfupa umeingia. Unapiga yowe moja tu, kisha unauliza ikawaje. Jibu lilikuwa moja kwa watu wote, hata kwa Katibu wa hospitali, aliyevunja kidole cha mguu kwa kupiga teke kabati la ofisi yake: mwisho utaupata siku ya kufungua plasta. Ndiyo maana kwenye mafaili ana jina lake, lakini wodini, jikoni na getini anaitwa Mzee Nusupicha.

Msije mkadhani ni uchoyo. Zamani wagonjwa wa plasta walikuwa wakijisikia nafuu wanajifungua wenyewe nyumbani. Mmoja alitumia kisu cha mkate. Mwingine alitumbukiza mguu kwenye karai la kufulia mpaka plasta ikawa uji. Wa tatu alimpelekea mkono shemeji yake mwenye karakana ya useremala, na mpaka leo hatujui alinusurika vipi. Mifupa ikaunga upande. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba miaka ile, katika kila wagonjwa kumi, waliorudi walikuwa wanne. Picha zilipoanza wakawa tisa, na wa kumi ikaja kujulikana kwamba amehama mji. Huyo alipiga simu.

Sasa shughuli iko hapa. Leo hii wapo watu kumi na mmoja mjini humu wanaotembea na plasta mwilini na nusu ya picha kichwani. Kuanzia Julai, anayetakiwa kuwapa mwisho ni mimi, binti aliyemsaidia kazi kwa miaka tisa, mtu ambaye sijui kusimulia hata njia ya kwenda kwetu. Na mji huu una midomo. Wakisikia kwamba kwa yule binti msaidizi hakuna mwisho wa maana, hawarudi ng'o, watashika visu vya mkate. Naandika wasifu huu roho ikiwa mkononi, na nawashukuru wahariri wa jarida kwa kunivumilia.

Turudi kwa mwenye sherehe. Aliajiriwa akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, mhudumu wa kusukuma vitanda. Matroni wa enzi hizo alimhamishia chumba cha plasta kama adhabu, baada ya kumkuta amesimamisha kitanda cha mgonjwa katikati ya korido akimwonyesha jinsi adui anavyokufa huku akitubu. Adhabu ikamkaa. Akasoma, akafaulu, akawa fundi, na mwaka wake wa kumi na nne akawa fundi mkuu, cheo ambacho alisema hakina tofauti na cha awali isipokuwa ufunguo wa stoo.

Kwa utaalamu wake mwenyewe aliandaa utaratibu ambao nimeurithi, umebandikwa nyuma ya mlango. Kidole: Hollywood, ya polisi, dakika kumi. Kifundo cha mkono: Hollywood yenye bomu. Mguu chini ya goti: ya Kihindi. Mfupa wa paja: ya Kihindi yenye pacha waliopotezana, pamoja na nyimbo zake zote. Nyimbo hizo aliziimba kwa lugha asiyoijua hata neno, kwa sauti ambayo Matroni wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza kazini, alikuja mbio kuuliza kama ganzi imetuishia.

Kuhusu Hollywood alikuwa na manung'uniko ya siku nyingi. La kwanza, hawaagani kwenye simu. Mtu anaambiwa mama yake ametekwa, anajibu sawa, anakata. Hata hali hajauliza! La pili, chakula. Mama kaamka alfajiri, kakaanga mayai, kajaza meza, baba anamega mkate mara moja, anasema amechelewa, huyo anaondoka. Siku moja mzee alisimamisha kazi, mguu wa mtu ukiwa hewani, akatuuliza sote mle chumbani nani anayakula yale mayai. Mgonjwa akasema labda mbwa. Mzee akaridhika, kazi ikaendelea. La tatu, wanapanda kitandani na viatu. La nne, bomu linafungwa saa yenye tarakimu nyekundu: yule aliyelitega alitaka nani asome?

Lakini hayo yote aliyasamehe. Alichokataa kukisamehe ni kile cha kitaalamu. Mwanamke anakimbizwa na mjusi mrefu kuliko ghorofa, anakimbia juu ya vifusi, amevaa viatu vya kisigino kirefu, na hateguki. Mzee amefunga vifundo vya miguu visivyopungua mia nane, vingi vikiwa vimevunjika kwenye ngazi kavu za ofisi, mchana kweupe, bila mjusi. Alisema mjusi anaweza kumwamini, kifundo kile hapana.

Picha za Kihindi alizipenda kama mtu anavyompenda mjomba mwenye maneno mengi, kwa moyo wote na kwa malalamiko. Alisifu adabu yao: stelingi hata kama nyumba inaungua hatoki kwenda kupigana kabla hajamuaga mama. Alisifu urefu, saa tatu na mapumziko katikati, kwa kuwa waliozitengeneza wanajua binadamu ana kibofu. Alidai kwamba mama akikohoa mara moja tu mwanzo wa picha, hapo msiba upo, anza kujiandaa. Alichoshindwa kuelewa ni nguo. Wimbo mmoja, mavazi sita, mlimani, na begi hulioni.

Na huko nako plasta zao zilimtia aibu. Stelingi kavunjwa mguu na watu thelathini wenye marungu, msichana anachana ncha ya mtandio wake wa hariri, anamfunga fundo moja la upinde, na wimbo unaofuata yule bwana anacheza mgongoni mwa kilima. Mkewe anasema picha ikifika hapo mzee huinuka kwenye kochi, akaisogelea televisheni na kumwambia yule msichana, "Binti, hiyo haishiki!" Kuhusu kugongwa kichwa ukapoteza kumbukumbu, kisha ukagongwa tena zikarudi, aliwahi kumwandikia daktari wetu wa mifupa barua rasmi ya kuomba maoni. Barua iko kwenye faili, majibu hayapo.

Sasa nieleze kisa cha benchi, maana ndicho kilichofichua mambo. Miaka minane iliyopita, fundi bomba mmoja na mwalimu mmoja wa hesabu walivunjika mikono wiki moja, wakapewa nusu ya picha ileile: ndugu wawili, mmoja polisi, mwingine jambazi, wamekutana juu ya paa, mvua inanyesha, bastola mbili zinatazamana. Siku ya kufunguliwa, kila mmoja akaingia kwa zamu yake, akapewa mwisho wake, kisha wakakaa kwenye benchi moja kusubiri dawa. Wakaanza kulinganisha. Fundi bomba akasema wale ndugu walitupa bastola, wakakumbatiana, mama yao akafika na mwavuli. Mwalimu akasema mwavuli gani, mdogo alikufa mikononi mwa kaka yake na mvua ikakatika. Wakabishana mpaka mapokezi. Mwalimu akawa mkali, akasema hajapata kuona swali moja lenye majibu mawili na yote yakapata vema. Wakapelekwa kwa Matroni, na Matroni akamwita mzee.

Hapo mzee akakiri jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Hajawahi kuona mwisho wa picha yoyote.

Ujana wake alikuwa akimpeleka mchumba wake sinema kila Jumamosi mchana. Baba wa binti alikuwa na sharti moja, binti awe nyumbani saa kumi na mbili, na picha za siku zile zilikuwa hazijui habari za baba wa mtu. Kwa hiyo wakawa wanatoka wakati wa mapumziko, kila wiki, kwa miaka miwili. Njiani, akimsindikiza, walikuwa wanautunga mwisho wenyewe. Binti anataka adui asamehewe, yeye anataka adui aanguke kutoka juu ya kitu kirefu. Wanafika mlangoni bado wanabishana, na ikabidi Jumamosi inayofuata waonane tena ili wamalize. Wakaoana. Wakanunua televisheni. Wakajaribu, mara moja, kutazama picha mpaka mwisho, ilipokaribia kwisha wakaona watakosa la kuzungumza, wakaizima. Tangu siku hiyo wanazima katikati.

Matroni akauliza, sasa wagonjwa wanapewa nini? Mzee akasema anawatazama usoni. Fundi bomba alikuwa hajasemezana na kaka yake mwaka mzima, aliropoka mwenyewe wakati anavutwa. Mwalimu naye alisema wazi kwamba hajalia siku nyingi na angependa. Matroni, aliyekuwa ameanza na uso wa kazi, akauliza yeye mwenyewe angepewa mwisho gani. Mzee akamwambia avunjike kwanza. Fundi bomba alirudi mwezi uliofuata bila kuvunjika popote, amekuja na kaka yake, wanataka tu mzee awaone wakiwa pamoja.

Kwa hiyo mnaelewa hali yangu. Nilipopata barua kwamba anastaafu, nilimfuata na daftari jipya, nikamwomba aniandikishe miisho kumi na mmoja, mmoja kwa kila mgonjwa, nami nitaikariri. Akacheka mpaka miwani ikaloa. Akasema hana hata mmoja, na hawezi kuwa nao kabla ya siku yenyewe. Nikitaka kujua, nimtazame mtu usoni. Nikamwambia mimi usoni mwa watu huwa naona pua. Akasema nianze na pua.

Akanipa mgonjwa wa majaribio, fundi baiskeli aliyevunjika kidole. Nikasimulia. Kulikuwa na watu wawili, wakagombana, mmoja akakimbia, mwingine akamfuata. Fundi baiskeli akaniuliza, kwa heshima zote, kama hiyo ni taarifa ya habari. Nikavuta. Kelele zake zilisikika famasia. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya boksi la bandeji, nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Ikaja Jumanne tarehe 20 Juni, saa nne, wakati wa chai. Mabishano yalianza kati ya famasia na dobi. Famasia ni Hollywood watupu, dobi ni Kihindi mpaka kwenye ndoo, na siku hiyo suala lilikuwa ni stelingi yupi anajua kushuka kutoka juu. Mzee akasema jambo hilo halibishaniwi, linaonyeshwa. Akaweka kikombe pembeni, akapanda juu ya kigoda, mtu wa miaka sitini. Kwanza Hollywood: akaruka, akabiringika kwa bega, akaibuka na kidole kimeshakuwa bastola. Makofi yakapigwa, na kusema kweli tungeishia hapo. Lakini haki ni haki, akapanda tena kuwatendea dobi. Stelingi wa Kihindi, kama mjuavyo, hushuka polepole, nywele zinapepea, ngoma inapigwa. Mzee akajaribu kuanguka polepole. Nilikuwepo, na nathibitisha kwamba alianguka kwa mwendo wa kawaida.

Tulipokuwa bado tumeshika midomo, yeye pale sakafuni alikuwa ameshautazama mkono wake wa kushoto na kutangaza: umevunjika kifundoni, umepinda kwa nyuma, wiki sita. Eksirei ilikuja kumwitikia tu.

Mafundi wa plasta hospitali hii ni wawili. Mmoja alikuwa amelala kitandani, wa pili ni mimi. Daktari wa mifupa akamdunga ganzi, akamshika kiwiko. Mimi nikashika kiganja. Mzee akanitazama, akasema, "Haya, nipe picha." Nikamwambia anajua kabisa kwamba sina. Akasema basi mkono wake haumhusu mtu, akageukia ukutani, kisirani kitupu.

Nikamzunguka upande wa pili wa kitanda, nikamtazama usoni. Kwanza niliona pua. Halafu nikaona kwamba mzee anaogopa, na hakuwa anaogopa kuvutwa. Alikuwa anaangalia kile chumba kitu kimoja kimoja, beseni, kabati, dirisha, tena beseni. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nikaelewa kwamba hajui kesho yake inafananaje, na hakuna wa kumwambia.

Nikajikuta nimeanza. Nikasema kulikuwa na dereva wa treni ambaye mke wake alishafariki, naye ana binti mmoja tu. Siku ya harusi ya binti, breki za treni zimekatwa, na ndani yumo bwana harusi, na mama yake, na sanduku lenye barua ya siri. Mzee akaacha kuangalia vitu, akaniangalia mimi. Nikaongeza adui mwenye jicho moja juu ya paa la behewa. Nikaongeza wimbo, nikauimba, msiniulize ulikuwa wa lugha gani. Daktari wa mifupa alisahau kushika kiwiko ikabidi nimkumbushe. Daraja mbele limekatika. Binti amesimama relini na gauni lake la harusi, amenyoosha mkono. Adui ameshalifungua sanduku. Mara mlango wa behewa unafunguliwa, anaingia mtu ambaye tulimzika mwanzo wa picha, anamnyooshea kidole bwana harusi, anasema, "Simamisheni kila kitu! Huyu si..."

Nikavuta.

Mfupa uliingia mara moja, safi, daktari ni shahidi. Mzee alipiga kelele zilizofika dobi, ila kelele zenyewe zilikuwa, "Huyu si nani?"

Nikalowesha bandeji za plasta. Akauliza tena. Nikazungusha ya kwanza, nikazungusha ya pili. Akauliza kwa upole, akauliza kwa cheo, mwisho akauliza kama baba. Nikamjibu jibu la chumba kile. Machozi yakamlenga, akasema lile daftari la miisho silihitaji tena, naweza kumpa mtu mwingine.

Jumanne hii wa kwanza kati ya wale kumi na mmoja, mshona viatu, alikuja kufunguliwa mguu. Alikuja mwenyewe, na mapema. Mzee alikuwepo, mkono umening'inizwa shingoni, akakaa kwenye benchi na kukataa katakata kunisaidia. Nilimtazama mshona viatu, nikampa mwisho. Sitauandika hapa kwa kuwa ni wake. Akavaa kofia, akaomba jina la picha akaitafute. Nikamwambia ni ya zamani sana. Wamebaki kumi, na ukimhesabu mzee ni kumi na mmoja tena.

Huko nyumbani, nasikia, hakukaliki. Mzee na mkewe wameshatunga miisho miwili. Wa mama, yaani mkewe, huyu si mtoto wa yule mama aliyepanda naye treni. Wa baba, huyu si bwana harusi kabisa, ni pacha wake. Wamebishana siku tisa na hakuna hata mmoja uliowaridhisha. Mama amenipigia simu mara mbili kuniuliza kama nimekula, na mara zote mbili, kabla ya kuaga, akakohoa na kugusia habari za treni.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, mzee wetu, tunakushukuru. Mji huu umejaa watu wanaopunga mikono iliyonyooka na kupanda ngazi kwa miguu iliyonyooka, na wengi hawajui hata jina lako halisi. Tunakutakia maisha marefu, yenye afya, yenye nyimbo nyingi na mavazi ya kubadilisha. Usiloweshe plasta. Usiikune kwa sindano ya kufumia, nakufahamu. Vidole vikifa ganzi uje siku yoyote, bila kusubiri tarehe. Vinginevyo ni Jumanne tarehe mosi Agosti, saa tatu asubuhi, chumba cha plasta, uje na mama. Na kuhusu yule mtu wa kwenye behewa, alitaka kusema huyu si nani, mimi mwenyewe bado sijui. Nitakutazama usoni siku hiyo.